Mipango ya Ukuaji wa Uchumi Imeyasahau Mafuta

Mhariri,

Kila tarehe 14 ya mwezi, jioni, mimi huwa karibu na redio nikisubiri tangazo la Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli (EPRA). Mimi ni mhasibu wa chama kimoja cha matatu kinachohudumu Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, na bei ya dizeli inayotangazwa jioni hiyo ndiyo huamua kama mwezi unaofuata wenye magari watalipa mikopo yao ya benki au wataomba muda zaidi. Baada ya tangazo, wasomaji wa gazeti lako huandika barua, na karibu zote hulalamikia ushuru. Wana haki. Ushuru wa VAT kwa mafuta ulipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16 mnamo Julai 2023, na tozo ya kukarabati barabara ikaongezwa kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita mnamo Julai 2024. Hata hivyo, ninahofia kwamba mjadala wa ushuru umetusahaulisha swali kubwa zaidi, ambalo haliwezi kujibiwa na Bunge wala na mahakama: je, mafuta yenyewe yataendelea kupatikana kwa wingi, na kwa bei itakayouwezesha uchumi wetu kukua jinsi mipango ya serikali inavyosema utakua?

Hotuba za bajeti huyataja mafuta, nakiri. Lakini huyataja kama janga linaloweza kutokea, mfano wa ukame au mafuriko, kisha msomaji anaendelea na makadirio ya ukuaji kana kwamba janga hilo likipita kila kitu kitarudi kilivyokuwa. Ruwaza ya Kenya ya 2030, mpango mkuu wa maendeleo ya taifa, ilizinduliwa Juni 2008 ikiwa na lengo la ukuaji wa asilimia 10 kila mwaka. Mwezi uliofuata, Julai 2008, pipa la mafuta ghafi lilifika dola 147, bei ambayo dunia haikuwa imeiona kabla ya hapo. Tangu wakati huo hatujaifikia asilimia 10 hata mwaka mmoja. Najua sababu ni nyingi, zikiwemo ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, ukame wa mara kwa mara, madeni na ugonjwa wa korona, na siwezi kuyatwika mafuta lawama yote. Ninachosema ni kwamba mpango mkubwa namna ile uliandikwa bila kumwambia mwananchi ulihitaji mapipa mangapi, kutoka wapi, na kwa bei gani.

Watu wengi wakisikia kwamba mafuta yana mpaka, hufikiria siku ambayo kisima cha mwisho duniani kitakauka, na kwa kuwa siku hiyo iko mbali sana, wanaliacha jambo hilo. Mimi nililielewa kwa njia nyingine, kwa sababu nilizaliwa karibu na mto Tiva huko Kitui, ambao ni mto wa mchanga. Mvua zikiisha, maji hujificha chini ya mchanga na watu huchimba visima vidogo mle mtoni. Mwezi wa Juni mtu anainama tu na kuchota kwa kata. Ikifika Septemba shimo limekuwa refu kuliko mtu mzima, watu watatu wanapokezana ndoo, na mtungi uliokuwa ukijaa kwa dakika chache sasa unakula asubuhi nzima. Maji hayajaisha. Kilichoisha ni ule muda ambao mama angeutumia kutayarisha shamba kabla ya mvua za Oktoba, na familia ambayo haikutayarisha shamba hugundua hasara yake miezi mitano baadaye, wakati wa mavuno.

Hali ya mafuta haina tofauti kubwa na hiyo. Mwanadamu alianza na yale ya kuinama na kuchota. Eneo la Ghawar nchini Saudi Arabia, lililogunduliwa mwaka 1948, lilitoa mafuta mengi kutoka mwamba mmoja kwa gharama ndogo, na mafuta ya aina hiyo ndiyo yaliyoijenga dunia tunayoijua, yenye malori, ndege, plastiki na barabara za lami. Leo sehemu inayoongezeka ya mafuta hutolewa chini ya bahari yenye kina kirefu, au huchemshwa kutoka mchanga mzito wa Alberta nchini Kanada, au hufinywa kutoka miamba migumu kwa kupasua mwamba kwa maji yenye shinikizo kubwa. Kazi hiyo yote huhitaji vyuma, saruji, maji na, zaidi ya vyote, nishati. Uchumi haukui kwa mafuta yaliyochimbwa. Unakua kwa mafuta yanayobaki baada ya kulipia uchimbaji. Salio hilo likipungua, mafuta yanaweza kuwa mengi katika takwimu na bado yasitoshe kusukuma viwanda na shule na hospitali mpya ambazo kila serikali huahidi.

Wapo watakaoniambia kwamba watabiri wa mambo haya wameaibika zamani, na hoja yao inastahili jibu la heshima. Mwaka 1956 mwanajiolojia M. King Hubbert, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Shell, alitabiri kwamba uzalishaji wa mafuta Marekani ungefikia kilele kati ya 1965 na 1970 kisha uanze kushuka. Ulifikia kilele mwaka 1970, na kufikia 2008 ulikuwa umeshuka hadi takriban nusu. Kisha teknolojia ya kupasua miamba ikaingia, na Marekani ikapanda tena hadi kupita kilele chake cha zamani. Mwaka 2023 ilikuwa inatoa karibu mapipa milioni 13 kwa siku, kiwango ambacho nchi hiyo haikuwahi kukifikia. Kwa hiyo ni kweli kwamba akili ya binadamu imesukuma mpaka. Lakini kisima cha mwamba uliopasuliwa hupoteza zaidi ya nusu ya mtiririko wake katika mwaka wa kwanza, hivyo kampuni hulazimika kuchimba vingine upesi ili tu kiwango kisishuke. Shirika la Kimataifa la Nishati (IEA) lilisema mwaka 2010 kwamba uzalishaji wa mafuta ghafi ya kawaida, yaani yasiyo ya kupasua miamba wala ya mchanga mzito, ulikuwa umefikia kilele chake mwaka 2006. Mwaka 2025 shirika hilo hilo lilieleza kwamba karibu asilimia 90 ya fedha zinazowekezwa kila mwaka katika uchimbaji wa mafuta na gesi hutumika kufidia upungufu wa visima vinavyozeeka. Mimi ni mhasibu, na nikiona biashara ambayo karibu mtaji wake wote wa mwaka unatumika kubaki palepale, siwezi kumshauri mtu apange maisha yake kwa kutegemea upanuzi wake.

Ugunduzi wa maeneo mapya nao ulikuwa mkubwa zaidi katika miaka ya 1960, na tangu miaka ya 1980 dunia kwa kawaida hutumia mafuta mengi kwa mwaka kuliko inayogundua. Nchi zilizokuwa zikiuza zimegeuka kuwa wanunuzi. Indonesia, iliyojiunga na OPEC, muungano wa nchi zinazouza mafuta, mwaka 1962, iliondoka mwanzoni mwa 2009 kwa kuwa ilikuwa imeanza kuagiza mafuta kutoka nje. Uingereza, iliyotajirika kwa visima vya Bahari ya Kaskazini, ilifikia kilele mwaka 1999 na miaka michache baadaye ikawa inanunua zaidi ya inavyouza. Kila nchi ya aina hiyo inapojiunga na foleni ya wanunuzi, sisi tulio nyuma kabisa ya foleni tunasogezwa nyuma zaidi.

Sasa niseme jinsi mpaka huu unavyofika mlangoni, kwa sababu haufiki kwa mlio wa kengele. Unafika kupitia bei, na bei yenyewe haipandi kwa mstari ulionyooka. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu ziliwekea baadhi ya mataifa vikwazo vya mafuta, na katika miezi michache pipa likatoka takriban dola 3 hadi karibu dola 12. Mapinduzi ya Iran ya 1979 yakaleta pigo la pili. Mwanauchumi James Hamilton alionyesha mwaka 1983 kwamba karibu kila mdororo wa uchumi uliokuwa umeikumba Marekani tangu Vita vya Pili vya Dunia, isipokuwa mmoja, ulitanguliwa na kupanda kwa bei ya mafuta. Bei ikipanda sana, wanunuzi hushindwa, viwanda hupunguza kazi, mahitaji hushuka, na bei nayo huporomoka. Hapo watu hushangilia na kusema tatizo limekwisha. Lakini bei ikiporomoka, kama ilivyoporomoka kutoka zaidi ya dola 100 mwaka 2014 hadi chini ya dola 30 mnamo Januari 2016, kampuni huahirisha kuchimba visima vipya, na kwa kuwa mradi mkubwa wa mafuta huchukua miaka mingi kukamilika, pengo hilo huonekana baadaye, wakati uchumi umeanza tena kuamka na kuhitaji mapipa ambayo hayakuandaliwa. Bei inayomtosha mchimbaji inazidi kukaribia bei inayomvunja mnunuzi, na nafasi iliyo katikati, ambayo ndiyo nafasi ya ukuaji, inazidi kuwa nyembamba.

Nafasi hiyo nimeiona ikibanwa katika daftari langu. Machi 2021 lita ya dizeli jijini Nairobi ilikuwa shilingi 107.66. Oktoba 2023 ilikuwa shilingi 205.47. Sehemu ya ongezeko hilo ilitokana na ushuru, sehemu na kudhoofika kwa shilingi, na sehemu na vita vya Ukraine vilivyosukuma pipa kupita dola 120 mnamo Machi 2022. Aprili mwaka huo, kwa sababu malipo ya ruzuku kwa wauzaji yalikuwa yamechelewa, vituo vingi vilikauka, na magari yetu yalipanga foleni tangu alfajiri kutafuta dizeli ya safari mbili tu. Lakini ningependa wasomaji watazame yaliyofuata baada ya foleni kuisha, kwa sababu hayo hayakupigwa picha. Nauli ilipanda, na baadhi ya abiria wetu wa kila siku wakaanza kutembea Jogoo Road hadi Industrial Area, asubuhi na jioni. Magari yakapunguza safari za saa za mchana. Wanachama wanne waliokuwa wameshajaza fomu za mikopo ya kununua magari mapya waliziondoa, na hadi leo wawili hawajazirudisha. Kwa hiyo madereva na makanga ambao wangeajiriwa hawakuajiriwa, fundi wa bodi wa jua kali hakupata kazi ya kuunda viti, na muuza magurudumu hakuuza. Hakuna gari lililokosa mafuta kabisa, wala hakuna kisima kilichokauka. Ni ukuaji uliokuwa umepangwa ambao haukutokea, na kwa kuwa haukutokea, hakuna aliyeuhesabu.

Ukitoka kwenye matatu ukaenda soko la Marikiti, utayakuta mambo hayohayo. Viazi vya Kinangop na nyanya za Kirinyaga huja kwa lori la dizeli. Mbolea nayo hufuata njia hiyo, kwa kuwa ile ya naitrojeni hutengenezwa hasa kwa gesi asilia, na mwaka 2022 mfuko wa kilo 50 ulipita shilingi 6,000 kabla ya serikali kuleta ruzuku.

Kuna wanaotumaini mafuta ya Turkana, kaskazini mwa nchi yetu, na kwa hakika sisi sote tulifurahi Machi 2012 ilipotangazwa kwamba mafuta yamepatikana katika kisima cha Ngamia 1. Nilifurahi pia Agosti 2019 shehena ya kwanza, iliyokuwa imesafirishwa kwa malori kutoka Lokichar, ilipoondoka Mombasa. Hata hivyo, makadirio yaliyotolewa mwaka 2021 yalikuwa ya takriban mapipa milioni 585 kwa maisha yote ya mradi. Dunia hutumia takriban mapipa milioni 100 kwa siku. Turkana yote, tangu tone la kwanza hadi la mwisho, ni chini ya siku sita za matumizi ya dunia. Kwa Kenya si haba, na ningependa watu wa Turkana wanufaike nayo kwanza, lakini mafuta hayo ni mazito yenye nta, yanahitaji kupashwa moto ili yapite bombani, na hatuna hata mahali pa kuyasafisha, maana kiwanda cha Changamwe kule Mombasa, kilichoanza kazi 1963, kiliacha kusafisha mafuta mwaka 2013. Tungeyauza nje yakiwa ghafi na kununua dizeli kwa dola, kama tunavyonunua sasa. Mkataba wa Machi 2023 kati ya serikali yetu na kampuni za Saudi Arabia na za Umoja wa Falme za Kiarabu ulitupa siku 180 za kulipa, na ulitupunguzia haraka ya kutafuta dola. Ulitupa muda. Haukutupa mafuta ya bei nafuu, wala haukuongeza pipa hata moja katika dunia.

Nimetafuta mfano wa kututia moyo na nimeupata katika historia yetu wenyewe. Pigo la 1973 lilitupata tukiwa hatuna kinga, na kahawa ndiyo iliyotuokoa, baada ya baridi kali kuharibu mashamba ya Brazil mwaka 1975 na bei ya kahawa kupanda sana. Ile ilikuwa bahati. Lakini katika miaka hiyohiyo ya 1970 visima vya mvuke wa joto la ardhini viliendelea kuchimbwa Olkaria, karibu na Naivasha, na mwaka 1981 mtambo wa kwanza wa megawati 15 ukaanza kuzalisha umeme. Waliofanya uamuzi ule hawakungoja hadi mafuta yaishe. Leo jotoardhi ndiyo chanzo kikubwa zaidi cha umeme wetu, na pamoja na maji, upepo wa Loiyangalani na jua, takriban asilimia 90 ya umeme tunaozalisha hautokani na mafuta. Ni nchi chache zinazoweza kusema hivyo, na ninajivunia jambo hilo kama Mkenya.

Kinachonisikitisha ni kwamba ufanisi huo umeishia kwenye nyaya. Reli mpya ya kutoka Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, inaendeshwa kwa dizeli. Usiku, wakati jiji limelala na mvuke wa Olkaria unaendelea kutoka ardhini, kuna umeme ambao hauna mnunuzi, ilhali asubuhi yake matatu zote za Eastlands zitachoma dizeli iliyosafiri kutoka Ghuba ya Uajemi. Mabasi ya umeme yalianza kuonekana jijini mwaka 2022, na bodaboda za umeme zinaongezeka. Nimekaa na wanachama wetu kuzipiga hesabu za basi la umeme: gharama ya kuliendesha kwa kilomita moja inavutia, lakini bei ya kulinunua inawashinda, na benki iliyo tayari kumkopesha mtu kwa gari la dizeli la miaka kumi inasitasita kumkopesha kwa teknolojia isiyoifahamu.

Hapo ndipo ningependa fedha za mafuta zielekezwe. Sipendekezi ushuru mpya. Wanachama wangu hawangenisamehe, na wangekuwa na haki. Ninapendekeza kwamba sehemu ya tozo tunayolipa sasa, ambayo kisheria ni ya barabara, itengwe kwa ajili ya kudhamini mikopo ya mabasi ya umeme, kuongeza treni za abiria za Nairobi zinazopita Makadara, Embakasi na Ruiru, na hatimaye kuitia reli ya Mombasa umeme. Ninajua kwamba barabara zitachelewa kidogo. Lakini barabara nzuri isiyo na gari linaloweza kumudu dizeli haiwafai watu wanaotembea pembeni mwake. Kazi hii ina wakati wake, nao ni sasa, pipa likiwa bado lina bei ya kuvumilika, kwa sababu nyaya, reli na mabasi hayo yenyewe yatajengwa kwa kutumia mafuta, na yule mama wa mto Tiva hulitayarisha shamba kabla shimo halijawa refu.

Ombi langu la pili ni jepesi zaidi. Hotuba ya bajeti husomwa Juni. Ninaiomba Hazina ya Kitaifa iweke ndani yake ukurasa mmoja unaoeleza bei ya pipa iliyotumiwa katika kukadiria ukuaji wa uchumi, kiasi cha mafuta ambacho ukuaji huo utahitaji, na asilimia ya ukuaji itakayobaki iwapo bei hiyo itapanda kwa nusu na kukaa huko miaka miwili. Mimi huwaandalia wanachama wetu ukurasa kama huo kila Januari, kwa kalamu na kikokotoo, na huchukua siku moja.

Wako,
Mhasibu wa chama cha matatu,
Umoja, Nairobi